Majumba ya Masultani kwa Kiti Mwendo: Anzeni na Magofu

Mama mmoja wa Tanga ameniandikia wiki hii. Shule ya mwanawe inawapeleka watoto Unguja kutazama majumba ya masultani, na mwalimu kashauri kwamba huyo wa kwake, kwa vile anatumia kiti mwendo, abaki nyumbani asije akasumbuka. Asumbuke nani? Mtoto au mwalimu?

Dada yangu, mtoto aende. Ila asiende kama nilivyopelekwa mimi, wa kiti mwendo kama yeye, safari ya kwanza.

Ilikuwa kabla Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la masultani, halijaporomoka sehemu yake ile Krismasi ya 2020. Nilimpigia simu mtembezaji mmoja, nikamweleza wazi hali yangu, nikauliza kuna ngazi au hakuna. Akajibu, "Usijali kaka, vijana wapo." Wenzangu wa magurudumu mnalijua jibu hilo. Maana yake ngazi zipo, tena nyingi, na wewe utapandishwa kama gunia la mkaa. Tulipofika kwenye jengo moja la ghorofa, sijafungua hata mdomo, wawili wameshanidaka. Mmoja kakamata egemeo la mkono, na egemeo la kiti changu ni la kuchomoa. Likachomoka. Nusura nitangulize kichwa. Watalii waliokuwa nyuma yetu wakapiga picha. Huko juu nilionyeshwa samani za wenye enzi, lakini ukiniuliza leo zilikuwaje, sijui. Nilikuwa nawaza nitashukaje. Na hela "ya vijana" nililipishwa juu ya kiingilio. Miaka imepita, bado linanikera.

Safari ya pili sikumsikiliza mtu. Tulichukua teksi, mimi na binamu yangu, tukashika barabara ya Bububu, tukaanzia Maruhubi. Jumba hili alilijenga Sultani Barghash bin Said mwanzoni mwa miaka ya 1880, na masimulizi yanasema lilikuwa la masuria wake. Mwaka 1899 likaungua. Mbao za juu zote zikaenda na moto. Zikabaki safu za nguzo nene za mawe, birika la maji na hamamu, yaani bafu za zamani. Mnaona ninakoelekea? Moto ule umetusawazisha. Kila anayefika Maruhubi, awe waziri, awe bibi harusi aliyekuja kupiga picha, analiona jumba akiwa chini, pale pale nilipo mimi. Hakuna ghorofani ambako wenzangu wanakwenda halafu warudi kunisimulia. Nilizunguka kati ya zile nguzo mpaka binamu akachoka, na mimi sikuchoka.

Sisemi kwamba njia ni lami. Kuna nyasi na mchanga, na magurudumu madogo ya mbele yanazama. Dawa yake geuza kiti, mwenzako akuvute kinyumenyume, yale makubwa ndiyo yatangulie. Kama tairi ni za upepo, punguza upepo kidogo. Basi.

Mtoni, mbele kidogo, tulipita haraka. Ndilo jumba kongwe kuliko yote, la Sultani Seyyid Said mwenyewe, babake Barghash, na hapo ndipo alipozaliwa binti yake, Bibi Salme, mwaka 1844.

Mjini, msianze kung'ang'ana na milango. Milango ya Mji Mkongwe ina vizingiti, na vichochoro vimeliwa na baraza, zile za mawe za kukalia, pande zote mbili. Nendeni Forodhani, kwenye bustani ya ufukweni. Pale chini ni tambarare, na majumba yale yalijengwa yatazame bahari, kwa hiyo uso wake unauona bila kupanda popote. Ipe bahari mgongo: sasa unayatazama kutoka upande ule ule zilikokuwa manowari za Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, zilipolipiga mizinga jumba la Sultani na vita ikaisha haijatimia hata saa moja. Hiyo ni historia ambayo aliyeko ndani haioni vizuri kukushinda wewe uliyeko nje.

Halafu kuna hili linalonichekesha kwa uchungu. Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883, na husemwa ndilo jengo la kwanza Afrika Mashariki kuwekwa lifti. Lifti, jamani! Wa zamani wale walifikiria lifti, wa leo wanatufikiria kwa "vijana wapo".

Kwa hiyo acheni kuomba radhi. Zanzibar ina sheria ya haki za watu wenye ulemavu tangu 2006, na Tanzania Bara tangu 2010. Unapouliza kuhusu ngazi huombi msaada, unauliza kuhusu haki yako. Uliza kabla ya kulipa, na uliza tena siku moja kabla ya kuondoka. Usiulize "mnaweza kunihudumia?" maana kila mtu atasema ndiyo. Pima upana wa kiti chako kwa sentimita, kisha uliza: mlango upana gani, ngazi ngapi, choo kiko wapi. Anayeshindwa kukujibu kwa namba hajawahi kufika huko na mtu kama wewe.

Na ikibidi kubebwa, kwa sababu wakati mwingine itabidi, amri inatoka kwako. Mmoja nyuma, mmoja mbele, washike fremu, egemeo wasiliguse, na asiinue mtu mpaka uhesabu. Yasemeni haya mapema kwenye simu. Watembezaji wengine hukata hapo hapo. Hao mmewaepuka bila kulipa hata nauli ya boti.