Kwa Mnaoanza Kupima Unyayo wa Kiikolojia wa Taifa

Ninyi mnaoingia sasa katika kazi hii, naomba mshike jambo moja kabla ya hesabu yoyote: unyayo mdogo, yaani eneo dogo la ardhi na maji linalohitajika kukidhi matumizi ya watu, si ushahidi kwamba taifa linaishi ndani ya uwezo wake. Mimi nilikosea hapo hapo. Katika taarifa yangu ya kwanza hapa Dar es Salaam niliandika kwamba matumizi yetu ni endelevu kwa kuwa unyayo wa Mtanzania mmoja uko chini ya wastani wa dunia, na mkuu wangu wa kazi akanirudishia karatasi akiwa ameandika pembeni swali moja tu: mkaa umeuhesabuje?

Kipimo hiki, kilichobuniwa na William Rees na Mathis Wackernagel nchini Kanada mwanzoni mwa miaka ya 1990, hujumlisha mashamba, malisho, misitu, maeneo ya uvuvi, ardhi iliyojengwa na msitu unaohitajika kufyonza hewa ya ukaa, kisha hueleza jumla hiyo kwa hekta za kimataifa, yaani hekta zenye uzalishaji wa wastani wa dunia. Bidhaa zinazoagizwa huongezwa, zinazouzwa nje hutolewa. Hilo mtalizoea haraka.

Mkaa ndio utakaowasumbua. Takwimu za nishati ya kuni kwa nchi nyingi ni makadirio, na mkaa mwingi unaoingia jijini haupiti kwenye kizuizi chochote cha ushuru. Aidha, gunia si kipimo: lumbesa ya Manzese, lile gunia lililojazwa kupita mdomo wake, na gunia lililoshonwa sawasawa huitwa kwa jina lile lile, kwa hiyo nendeni na mizani, mpime wenyewe, tena masika na kiangazi. Kwa kuwa tanuri la udongo hula kilo 5 hadi 10 za kuni kwa kila kilo ya mkaa, kosa dogo mlilolifanya sokoni huwa kosa kubwa msituni.

Linganisheni unyayo na uwezo wa ardhi, yaani eneo lenye uzalishaji lililopo nchini, kila mara. Sensa ya Tanzania ya 2012 ilihesabu watu milioni 44.9, ya 2022 milioni 61.7; kwa hiyo hata kama hakuna mti uliokatwa, fungu la kila mtu limepungua.

Kwa upande wa mashamba, msitafute dalili za uchovu wa udongo ndani ya kipimo hiki, kwani mavuno yale yale ya mwaka ndiyo hupima uzalishaji na uwezo kwa pamoja, hivyo mizania ya mashamba ya ndani haionyeshi upungufu kamwe. Rutuba ipimeni kando, na matokeo yake myaweke kwenye ukurasa ule ule wa taarifa.