Jicho jekundu wiki tatu? Usirudi duka la dawa

Mnakumbuka mwezi wa kwanza 2024, Dar nzima macho mekundu, kwenye daladala kila mtu na miwani nyeusi utadhani tunatoka msibani? Basi na langu la kushoto likawaka kipindi hichohicho, nikajua zamu yangu imefika, nikakaa ndani kusubiri ipite. Nyumba nzima wakapona mi bado. Na tofauti zilikuwepo toka mwanzo, sema nani angejua: wenzangu wanaamka na matongotongo kope zimegandana, mi jicho moja tu, halina tongotongo, wekundu umelizunguka lile duara jeusi kama pete, afu mwanga jamani, nikiwasha simu asubuhi maumivu yanaingia mpaka ndani ya fuvu, na naona ukungu.

Duka la dawa kijana hakuuliza kitu, akanipa dawa ya matone yenye antibayotiki na steroidi humohumo. Siku ya tatu jicho jeupee, nikamsifia mpaka kwa majirani. Kichupa kilipoisha likarudi, nikanunua kingine, likatulia, likarudi, miezi miwili nacheza mchezo huo. Usifanye hivyo. Steroidi inatuliza uvimbe tu, kilichouleta kinabaki palepale, na ukiitumia kienyeji inaweza kukuletea presha ya macho au mtoto wa jicho, na kama kumbe una kidonda cha fangasi kwenye kioo cha jicho ndo unakilisha kabisa.

Shemeji ndo akaniburuza kliniki ya macho. Unaweka kidevu kwenye mashine, dokta anakumulika na kamstari ka mwanga. Alikuwa mama wa makamo, akaangalia weee, akasema mwanangu, hii ni yuveitisi, uvimbe wa ndani ya jicho, na ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni imeshaanza kunata kwenye lenzi. Akaniwekea atropini kuibandua. Nikajitazama kwenye kamera ya simu, mboni imetanuka lakini sio duara tena, ina kona kona kama ua.

Afu akaanza maswali: unakohoa? Unatoka jasho usiku? Umeishi na mtu mwenye TB? Nikataka kucheka, nimekuja na jicho ananiuliza mapafu! Ila mjomba niliyekuwa nakaa naye alishatumia dozi. Nikapigwa picha ya kifua, nikapimwa HIV na kaswende (nilinuna, akaniambia kaswende ikiingia jichoni inaiga ugonjwa wowote ule na inatibika, kwahiyo usikatae), na kile kipimo cha TB cha kasindano ka kwenye ngozi ya mkono, unarudi baada ya siku mbili tatu wanapima na rula. Kifua safi, ila mkono ulivimba milimita 20, yaani mwili wangu ulishakutana na bakteria wa TB.

Sasa bakteria anafikaje jichoni na mtu hakohoi? Dokta alivyonieleza, wakati mwingine wamo wachache wamejificha humo, wakati mwingine wamelala kwingine mwilini ila kinga yako imewapandia hasira na inapiga mpaka jicho. Mara nyingi hata wakipima maji ya jicho hawampati, ndo maana wanasema TB ya jicho "inayodhaniwa", unatibiwa huku wanaangalia kama litatulia lisirudi. Na sio TB peke yake, kuna watu wana jeni ya kurithi inaitwa HLA-B27, mtu kama huyo anaharisha kwa bakteria wa Salmonela au Shigela, wiki kadhaa mbele goti linavimba na jicho linawaka.

Dozi ya TB ni miezi sita, bure kituo cha serikali, pamoja na predinisoloni (nayo ni steroidi, ila hii dokta ndo anakupangia) ya kupunguza taratibu, usiikate ghafla. Mkojo unakuwa rangi ya Fanta, usishtuke, ni rifampisini, moja ya dawa za TB. Wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango waseme mapema kwasababu inavipunguzia nguvu. Ya kuogopa ni ethambutoli, nayo ni dawa ya TB, inaweza kugusa mshipa wa fahamu wa jicho, kwahiyo miezi miwili ya kwanza nilikuwa nasomeshwa kile kitabu cha namba za vidoti vya rangi, na ukiona nyekundu inaanza kupauka kimbia kituoni siku hiyohiyo.

Nilimaliza, halijarudi. Kona moja ya mboni ndo iligoma kubanduka, kwenye picha ya pasipoti ukikuza unaiona.