Usisikilize mihadhara ya saa mikono mitupu

Nilianza kufuatilia mihadhara ya historia ya saa mtandaoni kwa sababu ya saa ya marehemu baba, ile ya kutia ufunguo, iliyolala kabatini miaka mingi. Baada ya miezi mitatu nilishasikiliza zaidi ya ishirini, nikajiona mtaalamu. Nikaenda kibarazani kwa fundi mmoja kumpigia soga. Akanisikiliza weee, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, springi imekazwa, inataka kufunguka. Nini kinaizuia isifunguke yote mara moja?"

Sikuwa na jibu.

Akafungua droo, akanipa saa mbovu isiyo na kioo. "Nenda na hii. Ukisikia kitu, kitafute humu."

Huo ndio ushauri wangu mkubwa kwako. Kabla hujamaliza bando lako, tafuta saa iliyokufa, bisibisi ndogo, kibano na lenzi ya jicho. Mihadhara yenyewe si shida kupata. Horological Society of New York, chama kilichoanzishwa na mafundi wa Kijerumani mwaka 1866, huweka mingi bure.

Jibu la swali la fundi nililiona kwa lenzi usiku mmoja, mhadhara nimeusimamisha katikati. Gurudumu la mwisho lina meno kama ndoana. Mbele yake kuna kipande kidogo chenye vijiwe viwili vyekundu vya rubi. Balansi, lile gurudumu linaloyumba huku na huku, ikienda upande huu, kijiwe kimoja kinaachia jino. Ikirudi, cha pili kinaachia. Jino likiponyoka linadakwa papo hapo, na mlio unaousikia ukiweka saa sikioni ndio huo. Bila kipande hicho mishale ingezunguka kama pangaboi, halafu basi. Anza hapo. Historia yote iliyobaki ni watu kuhangaika na kizuizi hicho kidogo.

Mfano ni John Harrison, fundi seremala wa Uingereza aliyeunda saa za kuwasaidia mabaharia kujua walipo, mashariki au magharibi, kwa kulinganisha saa ya nyumbani na jua la pale walipo. Wahadhiri wanampenda, nami nilimwona hadithi tu mpaka nilipochukua kalamu. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja, yaani nyuzi moja kwa dakika 4. Hapa kwetu karibu na ikweta, nyuzi moja ni kilomita 111 hivi. Kwa hiyo nahodha anayetegemea saa iliyokosea dakika moja tu, amekosea mahali alipo kwa karibu kilomita 28. Anadhani yuko mbali na mwamba kumbe yuko juu yake! Saa ya Harrison iitwayo H4 ilisafirishwa na mwanawe William hadi Jamaica mwaka 1761, na baada ya siku 81 ilikuwa imechelewa kama sekunde 5. Ilipiga mara tano kwa sekunde, sawa na saa nyingi za mkono za zamani. Hiyo ni mipigo 432,000 kwa siku. Piga hesabu mwenyewe. Ukisikiliza tu haitaingia.

Mihadhara ya bei za mnada na saa za matajiri, ruka. Mimi nilipoteza wiki mbili huko.

Tahadhari moja: usifungue kikopo cha springi kwa haraka kama nilivyofanya. Iliruka, ikanichana kidole, ikaingia chini ya friji. Vaa miwani, funika kwa kitambaa.

Ya baba sijaifungua. Naitia ufunguo asubuhi, inakwenda dakika kumi na mbili, inasimama. Nashuku mafuta yamekauka kwenye ekseli. Fundi naye anashuku hivyo, ila amesema nimletee kwanza mizoga mitatu niliyoifungua na kuirudisha ikalia. Ninao mmoja.