Re: Nimeacha kazi benki nichore, picha hazikauki

Habari mkuu, pole na hongera kwa pamoja. Kama nimekuelewa, umeacha benki, unachora sura za watu kwa rangi za mafuta hapo Sakina, na oda mbili zina wiki tatu bado zinanata huku mteja anapiga simu kila siku.

Cha kwanza angalia mafuta ya linsidi (yale ya mbegu za kitani, ya kulainishia rangi) unachanganya kiasi gani. Mimi nilivyotoka kwenye uhasibu nilikuwa namimina tu, nikamchora bibi mmoja wa Moshi, kitenge kikakauka vizuri ila mashavu yakawa yananata mpaka nzi akagandia kwenye paji la uso, nikakosa hata pa kuanzia kumtoa. Hii rangi haikauki kama nguo, inakauka kwa kula oksijeni, so baridi la mwezi wa 6 na wa 7 hapa Arusha linaichelewesha. Tabaka la chini piga jembamba na tapentaini, mafuta ongeza unavyopanda juu, ukigeuza itakuja kupasuka. Huko chini tumia rangi ya amba, ile kahawia ya udongo, ina madini ya manganizi inawahi kukauka kuliko nyeusi. Na usizifiche kabatini, gizani mafuta yanageuka njano, weka penye mwanga na hewa.

Mteja mwambie ukweli aongeze mwezi. Oda zijazo sema miezi miwili toka mwanzo, nusu ya hela mbele, hata kwa shemeji (hasa shemeji).

Kuuza kwenye galari za watalii sijawahi, hapo wengine waje.