Aliyeanzia Tatu

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, mchekeshaji gani wa nchi ya mbali aliyekugusa kama ndugu wa nyumbani, nina jibu lake moja tu: Massimo Troisi wa Napoli, Italia. Na sababu yangu inaanzia kwenye neno "kuteka".

Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa. Kwetu kuteka ndiko kucheka. Macho ni mato, njoo ni ndoo. Nilipopelekwa shule ya bweni bara, siku ya kwanza nilimwambia mwenzangu, "Usiniteke!" Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu, badala ya kuwanyamazisha, akaniambia nijifunze kusema kama watu. Nikajifunza. Miaka minne nilipima kila neno kabla halijanitoka, na mengi yakabaki humo humo.

Baadaye nikapata kazi ya mapokezi katika hoteli moja Malindi, mji wenye Waitaliano wengi mno, hata vijana wa ufukweni wanakisema Kiitaliano vizuri tu. Nami nikakiokota, kile cha vyumba na funguo. Usiku mmoja wageni walikuwa wakitazama filamu ukumbini, Ricomincio da tre, yaani "Naanza upya kutoka tatu", ya mwaka 1981. Nikasimama nyuma yao. Namwona kijana mwenye nywele nyeusi za kujisokota akizungumza: anaanza sentensi, anaiacha njiani, anaiingilia kwa mlango mwingine, mkono unazunguka hewani ukitafuta neno ambalo haliji. Sikuambulia hata nusu. Nikadhani ni udhaifu wa Kiitaliano changu, mpaka nilipomwona mama mmoja wa Milano, kaskazini mwa Italia, akimvuta mumewe mkono wa shati: "Amesemaje?" Mume naye hajui. Na wote wawili wanafuta machozi kwa kicheko.

Nilibaki pale pale mpaka taa zikawashwa.

Troisi alikuwa akisema Kinapoli cha nyumbani kwao, chenye kumeza silabi, na hakukinyoosha ili Milano imwelewe. Filamu ile aliiandika pamoja na Anna Pavignano, akaiongoza na kuigiza mwenyewe, na ilipotoka alikuwa na umri wa miaka 28. Ikampa tuzo ya David di Donatello, tuzo kubwa ya filamu ya Italia, ya mwigizaji bora, na yenyewe ikapata ya filamu bora. Gaetano, kijana anayemwigiza, anaondoka kwao kwenda Florence kutembea tu, aone dunia. Kila anayekutana naye akisikia anatoka Napoli humuuliza kama amehama kutafuta kazi. Anachoka kueleza kwamba hata Mnapoli anaweza kusafiri. Mtu wa pwani aliyewahi kuishi bara hahitaji kufasiriwa hapo.

Na jina la filamu? Rafiki yake anamwambia aanze maisha upya kutoka sifuri. Gaetano anakataa: ana mambo matatu yaliyomwendea vizuri maishani, ayatupe kwa nini? Ataanzia tatu.

Troisi alizaliwa tarehe 19 Februari 1953 huko San Giorgio a Cremano, chini ya mlima Vesuvius, baba yake mtu wa reli, nyumba imejaa ndugu, babu na bibi, na watoto wa ndugu. Utotoni akashikwa na homa ya rumatiki, ile inayoanza na koo la mtoto na kuishia kuharibu vali za moyo, na ambayo hata huku kwetu bado inawala watoto ambao penisilini ya mapema ingewaokoa. Mwaka 1976 watu wakamchangia, akaenda kupasuliwa Houston, Marekani. Akarudi, akaingia kwenye televisheni na wenzake wawili, Lello Arena na Enzo Decaro, katika kundi lao La Smorfia. Mwaka 1984 akatengeneza na mchekeshaji mwenzake Roberto Benigni filamu ya marafiki wawili wanaojikuta mwaka 1492 wakihangaika kumzuia Columbus asiifikie Amerika. Mwaka 1989 akagawana na mwigizaji mkongwe Marcello Mastroianni tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Venice. Mimi hayo nayapita haraka, kwa sababu moyo wangu uko kwenye ile ya mwisho.

Il postino, yaani "Mpeleka barua", ilipigwa katika visiwa vya Procida na Salina. Moyo wake ulikuwa umechoka kabisa. Alikuwa anangoja kupasuliwa tena, akaahirisha ili filamu ikamilike. Aliweza kufanya kazi muda mfupi tu kwa siku, na kwenye picha za mbali alipanda baiskeli mtu mwingine anayefanana naye. Siku moja tu baada ya kumaliza, tarehe 4 Juni 1994, akafariki usingizini nyumbani kwa dada yake, Ostia. Alikuwa na miaka 41. Akateuliwa kwa Oscar mbili, ya uigizaji na ya uandishi, akiwa kaburini.

Niliitazama na nyanya yangu sebuleni kwake, nikimfasiria kwa Kimvita, mato, ndoo, kuteka na yote. Mario ni mtu wa kisiwani anayempelekea barua mshairi wa Chile, Pablo Neruda, na mbele ya msichana anayempenda midomo inamfunga. "Maskini, huyu ana mengi lakini hayamtoki," nyanya akasema, kisha akateka mpaka kahawa ikamwagika kwenye leso.

Halafu mshairi anarudi kwao, na Mario anaamua kumrekodia sauti za kisiwa. Mawimbi madogo, mawimbi makubwa, upepo wa jabalini, nyavu za baba yake, kengele ya kanisa. Anaielekeza maikrofoni hata juu, kwenye nyota. Mwisho anaiweka kwenye tumbo la mkewe mjamzito.

"Huo moyo wa nani?" nyanya akauliza.

Nikamwambia ni wa mtoto. Akaniomba nirudishe nyuma kidogo, asikie tena.