Antasidi yako ya kwanza maabara: itazame kesho yake

Wadogo zangu mnaoanza famasia hapa Ishaka, Uganda, uliyetoka Mwanza na uliyetoka Kisumu, zoezi la antasidi, dawa ya kupunguza asidi tumboni, litawajia mapema na mtaliona jepesi. Unga mweupe wa aina tatu, maji, harufu ya peremende, basi. Siku ya kutengeneza, chupa zote mezani hufanana. Mkufunzi anayeijua kazi huzirudia kesho yake asubuhi, na hapo ndipo alama zinapoachana.

Mara nyingi mtapewa mchanganyiko wa magnesiamu trisiliketi wa vitabu vya Uingereza. Kwa ml 100 unapima g 5 za magnesiamu trisiliketi, g 5 za magnesiamu kaboneti nyepesi, g 5 za sodiamu baikaboneti, ml 2.5 za emalsheni kali ya peremende (mafuta ya peremende yaliyotawanywa majini), ml 50 za maji ya klorofomu ya nguvu maradufu, kisha maji mpaka ufikie ujazo.

Kabla hujagusa mizani, jiulize kipi kitayeyuka na kipi hakitayeyuka. Hizo magnesiamu mbili haziyeyuki, ila ni unga mwepesi unaosambaa majini na kukaa humo kwa muda wa kutosha kumimina dozi. Kwa hiyo hapa huhitaji kitu cha kuyatia maji uzito. Soma neno “nyepesi” kwenye kopo mara mbili. Ile nzito kikemia ni ileile, lakini itazama upesi na chupa yako itakuaibisha.

Sodiamu baikaboneti ndiyo inayoyeyuka, na hapa kuna hesabu ambayo wengi huiruka: g 1 huhitaji takribani ml 11 za maji. G 5 basi zataka kama ml 55, nawe mkononi una ml 50 za maji ya klorofomu. Ukisimama unakoroga ukingoja yote iyeyuke humo, utakoroga mpaka kipindi kiishe. Wengine hukimbilia kuyapasha maji moto. Usifanye hivyo: baikaboneti ikipata joto hutoa kabonidioksaidi na kugeuka kaboneti, ambayo ni kali zaidi, na klorofomu nayo huruka hewani. Mimi napenda unga wote uingie kwenye kinu pamoja. Baikaboneti iliyobaki itayeyuka utakapoongeza maji ya mwisho.

Kazi ya kinu ni ile ya kuanza uji. Tia maji kidogo, ponda mpaka upate rojo laini lisilo na madonge, ndipo uongeze mengine polepole. Ukimwaga maji yote kwa mkupuo, madonge yataelea yakiwa makavu ndani, na mchi hautayapata tena. Ukishamimina chupani, suuza kinu kwa maji kidogo, mimina tena, rudia. Dawa iliyobaki kwenye kinu imepungua kwenye dozi ya mgonjwa.

Ujazo wa mwisho usiupimie kwenye silinda, maana dawa nzito hung’ang’ania kuta zake. Mapema kabisa pima ml 100 za maji, zitie kwenye chupa, weka alama, mwaga, uiache ichuruzike. Alama hiyo ndiyo utakayoifikia.

Maji ya klorofomu ni kihifadhi. Ya nguvu maradufu yana klorofomu 0.5%; ukiyafikisha maradufu ya ujazo yanashuka hadi 0.25%, ndiyo maana tunachukua nusu. Hiyo 0.5% iko karibu kabisa na kikomo cha klorofomu kuyeyuka majini, kwa hiyo ukiona matone chini ya chupa ya akiba, tikisa mpaka yatoweke kabla ya kupima.

Siku mtakapopewa kalsiamu kaboneti mambo hubadilika. Unga huo hutulia haraka, kwa hiyo unahitaji kitu cha kuyatia maji uzito, tragakanthi au methilselulosi. Methilselulosi hutawanywa kwenye maji ya moto, kisha huyeyuka yanapopoa. Anayeanza na maji baridi huishia na mabonge ya utelezi. Na msizidishe, dawa isiyotoka chupani haina faida.

Sasa ile kesho yake. Gawanya kimo cha mashapo kwa kimo cha dawa yote. Msishangilie mashapo madogo yaliyoshikana. Hayo ndiyo mabaya, kwa sababu yameganda kama keki na hayarudi. Mashapo mengi, malegevu, yanayoinuka ukitikisa kidogo, ndiyo mazuri. Pindua chupa, hesabu mara ngapi, uandike. Wengi huandika “imetulia vizuri” na kupoteza alama.

Lebo iseme itikiswe kabla ya kunywa, hata kama chupa itapanda bodaboda kwenye barabara ya murramu. Mtaulizwa pia maneno ya kumwambia mgonjwa. Dozi ya ml 10 ina sodiamu ya kama milimoli 6, kwa hiyo muulizeni kuhusu presha, moyo na figo. Magnesiamu huweza kulegeza tumbo. Na kama anameza siprofloksasini, ambayo ni antibiotiki, magnesiamu huinasa isiingie mwilini: ameze siprofloksasini kwanza, antasidi isubiri angalau muda wa saa mbili; akiwa ameshakunywa antasidi, siprofloksasini ingoje muda wa saa sita.