Mwanachuo, Piga Hodi Kabla ya Kwenda Kuelimisha Kijiji

Mwaka wangu wa kwanza chuoni hapa Mtwara, klabu yetu iliamua kwenda kijijini kuelimisha jamii. Mada ilikuwa ujasiriamali na kuweka akiba. Tulichangishana, tukachapisha fulana na bango, tukakodi Hiace. Siku tuliyoichagua ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Novemba. Bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, lilikuwa limetoka, mitihani bado iko mbali, na kila mtu ana nafasi.

Tulifika saa nne asubuhi, kijiji kimoja upande wa Nanguruwe. Chini ya mwembe tuliwakuta wazee wanne, watoto wengi, na mtendaji wa kijiji ambaye alikuwa anaona aibu kwa niaba yetu. Tukasubiri mpaka saa saba. Akapita mama mmoja na ndoo kichwani, tukamwamkia, akaitikia vizuri, kisha akasimama.

"Wanangu, nani akae mkutanoni na korosho ziko chini?"

Jibu hilo nimelibeba mpaka leo. Kwa asiyeijua kazi yenyewe: korosho haichumwi kama embe. Unaisubiri idondoke na bibo lake, yaani tunda lake, unaiokota, unaikonyoa, unaianika juani siku kadhaa, kisha unachambua. Ukichelewa, mvua ya kwanza ikazikuta chini, zinabadilika rangi na zinashuka daraja. Mwezi ambao sisi tulikuwa na nafasi, ndio mwezi ambao mkulima wa huku anatafuta ada, bati na chakula cha mwaka mzima.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa viongozi wa vyama vya wanafunzi ni huu: wekeni ratiba ya muhula pembeni, muulizeni mwenyeji ratiba yake. Juni mpaka Agosti watu wako kwenye kupulizia mikorosho dawa ya salfa, maana ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, ukiingia kwenye maua, msimu umekwisha kabla haujaanza. Kuanzia Oktoba ni kuokota na kusubiri minada. Likizo za shule kuna jando na unyago, na familia nzima iko kwenye ngoma. Ijumaa mchana msiite mtu, watu wako msikitini. Mwezi wa Ramadhani, kaeni na watu baada ya futari au msubiri upite. Haya yote hayaandikwi kwenye ubao wa matangazo wa chuo. Yanajulikana kwa kuuliza, na wa kumuuliza hayuko mbali.

Hapo ndipo chuo kidogo kinapovizidi vyuo vikubwa, na wengi hatulioni. Chuo chetu hakina mabweni ya kutosha, kwa hiyo wengi tumepanga mitaani. Mwenye nyumba wako, muuza mihogo wa kona ile, bodaboda anayekupeleka chuo asubuhi, hao ndio jamii. Mimi nilikaa miezi mitano kwenye nyumba moja Chikongola bila kujua kwamba mama mwenye nyumba ana shamba la mikorosho kijiji kilekile tulichokwenda. Ningemwambia tu, "Mama, Jumamosi tunakwenda kijijini kwenu," angenizuia siku hiyohiyo.

Alipofiwa na kaka yake, tulikwenda wapangaji wote. Tulichota maji, tukapanga viti, tukakaa mkekani mpaka mazishi. Hatukuwa na fulana wala bango. Baada ya arobaini yule mama mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, wewe si unasoma mambo ya hesabu? Babu yako kule kijijini ana karatasi zake hazielewi."

Tulikwenda watatu, mwezi wa pili, mvua zikiwa zimeshika. Babu akatutolea mfuko wa nailoni kutoka ndani ya koti lake. Ndani mlikuwa na stakabadhi tatu za korosho alizopima, zimekunjwa mara nne, moja wino umefifia kiasi cha kuinamisha kwenye mwanga wa mlangoni ndipo uisome. Alikuwa na hakika kwamba ameibiwa. Amepima mara tatu kwenye chama cha msingi cha ushirika, benki imeingia pesa mara mbili.

Tulichukua daftari tukachora mistari: tarehe ya kupima, kilo, daraja, mnada, bei, makato, pesa iliyoingia. Tulitumia karibu saa mbili nzima. Ikaonekana kwamba mzigo wa tatu uliingia ghala kuu umechelewa, ukaenda kwenye mnada mwingine wenye bei yake, na malipo yake yalikuwa bado. Hakuna aliyeiba. Lakini mzee alikuwa amekaa wiki sita hasemi na katibu wa chama, jirani yake wa miaka mingi.

Mfumo huu wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima anapeleka korosho ghalani, anapewa stakabadhi, kisha analipwa baada ya mnada, ulianza kwenye korosho msimu wa 2007/08. Ni mfumo ambao mwanafunzi wa uhasibu anaweza kuueleza ubaoni bila shida, lakini mimi nilikuwa sijawahi kuishika stakabadhi yenyewe mkononi. Siku ile mimi ndiye niliyefundishwa. Babu alijua bei ya kila mnada wa msimu ule kwa kichwa, alijua kangomba, wale wanunuzi wa magendo, wananunua kwa kipimo gani na kwa nini mtu mwenye mgonjwa ndani anawauzia hata kama anajua anapunjika. Kwenye mada yetu ya Novemba tulikuwa tumeandika kwamba wakulima hawajui umuhimu wa kuweka akiba. Nasikitika sana kila nikiikumbuka ile sentensi.

Tulipotoka kwa babu walikuwa wanasubiri watu saba nje, kila mtu na karatasi zake. Mwezi uliofuata tukarudi sita. Kabla ya kurudi tulipita kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji, tukaeleza tunachofanya, na tukasema wazi kwamba hakuna posho ya mtu kuja kukaa nasi. Liseme hilo mapema. Watu wamezoea semina zenye bahasha, na ukikaa kimya wataingojea, kisha wataona umekula posho yao.

Jambo la mwisho ninalowasihi linahusu kupokezana. Chuo kikiwa na wanafunzi wachache, klabu inabebwa na watu wawili watatu. Wakihitimu, imekufa, na kijiji kinabaki kinauliza wale vijana wamekwenda wapi. Sisi tulikubaliana kwamba kila safari lazima awepo wa mwaka wa kwanza, asiwe mbeba begi, akae yeye na daftari na mzee mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho. Namba za simu za wenyeji tuliziandika kwenye kaunta buku, na karibu na kila jina tukaandika tulichoahidi: kuuliza benki, kumpigia katibu, kurudi na majibu. Ahadi isiyotimizwa haikufutwa, iliachwa kwa atakayefuata.

Mwaka jana nilipita pale nikiwa na safari zangu. Kaunta buku ni la tatu sasa, na analishika binti wa mwaka wa pili ambaye mimi simjui. Alikuwa barazani kwa babu, wameshika stakabadhi pande zote mbili, wanabishana kuhusu makato ya gunia. Nilibisha hodi, babu akaniitikia kwa salamu ya huku, "Kuchele!", bila kuinua macho, akamwambia yule binti arudie kusoma ile tarehe.